Jiko Lililozikwa Skarvhavn

Kila asubuhi, kabla nyumba haijaamka, Hansine alimimina kahawa yake kutoka kikombeni kwenye kisahani, akabana kibonge cha sukari katikati ya meno, kisha akaifyonza ile kahawa akiwa amesimama mlangoni. Hakuketi. Kwetu Skarvhavn, bandari ya wavuvi kaskazini, kila mtu hunywa hivyo, maana boti haimngoji mtu apoze kikombe. Lakini kule kusini alikopelekwa, kwenye shamba la Bi Gunvor, ile sauti ya kufyonza iliwachekesha watoto mpaka wakawa wanamwigiza mezani. Hansine hakuwakaripia. Alipomaliza alikipangusa kisahani kwa pindo la aproni, akainama, akawasha jiko la watu.

Hilo la watu ndilo lililomkaa kooni. Lilikuwa jiko zuri tu, jepesi, lenye rangi ya maziwa, na kuni za kule zilikuwa kavu, zinawaka bila kubembelezwa. Hansine alilipikia kwa heshima, kama mtu anavyomlea mtoto wa jirani. Usiku halikumjia ndotoni.

La kwake lilikuwa jeusi, zito, lenye vifuniko vinne na reli ya shaba mbele ya kuanikia glavu. Mumewe, Peder, alilileta kwa boti kutoka Tromsø mwaka waliooana, na siku hiyo boti ilikuja imeinamia upande mmoja, watu gatini wakamwuliza kama ameoa mke au ameoa kiwanda. Peder alichukuliwa na bahari baadaye, katika msimu wa chewa, na mwili wake haukupatikana. Hansine alibaki na nyumba iliyotazama gati, na lile jiko, na vijana wa visiwani waliokuja kuvua kila majira ya baridi. Aliwapikia. Waliingia wamelowa hadi kwenye nguo za ndani, wakatundika glavu zao kwenye ile reli, wakala, wakatoka. Majina yao aliyachanganya. Glavu zao hakuzichanganya hata siku moja. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na hakuna aliyewahi kumsikia akitamani mengine.

Halafu ikaja vuli ya moto. Wajerumani waliokuwa wameiteka nchi yetu vitani walikuwa wanarudi nyuma, na walichoamua ni kwamba anayewafuata asikute hata paa moja la kujisitiri. Mji mzima ukaambiwa utoke, kila mtu na furushi lake, meli zinangoja. Watu wa Skarvhavn hawakupiga kelele. Walichukua mabeleshi. Kila familia ikawa inazika mali yake: vyombo vya udongo, cherehani, saa za ukutani, kengele ya shule. Mtu mmoja alizika kinanda, lakini hiyo ni habari nyingine.

Hansine alizika jiko. Jirani yake Ingebrikt, mvuvi mjane mwenye ulimi mkali, alimsaidia kuchimba nje chini ya dirisha la jikoni. Walilipaka mafuta ya ini la samaki, wakalizungushia magunia yenye lami, wakaliteremsha kwa kamba kama wanavyoteremsha jeneza. Kisha Hansine akaishika alama kichwani: ni katikati ya kona ya nyumba ya Ingebrikt na mlango wa ghala la nyavu. Akairudia mpaka ikaingia kama sala. Mji wote ulifanya vivyo hivyo. Mmoja alihesabu kutoka ngazi za duka, mwingine kutoka pipa la maji la mwalimu, mwingine kutoka kona ya mwenzake. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba kona zenyewe ndizo zitakazochomwa.

Vita vilipokwisha, Hansine alidhani atarudi siku ya pili yake. Tangazo likasema hapana. Kaskazini hakuna nyumba, hakuna chakula, majira ya baridi yanakuja, watu watakufa. Kwenda kutembelea ni ruksa, kukaa ni marufuku, isipokuwa wanaume wanaosafisha bandari, na mtu mwingine yeyote aliye na paa na jiko la kumvusha baridi. Majiko ya chuma hayakuwepo nchi nzima. Yaliyounguzwa yalikuwa yamepinda na kupasuka, na viwanda vilikuwa havijaanza kuyaunda upya. Kwa hiyo Hansine alilijua jambo lake kwa uwazi kabisa. Akilipata jiko, atakaa kwao. Asipolipata, atawasha la Bi Gunvor mpaka azeeke.

Bi Gunvor hakuwa mtu mbaya. Alikwisha kumwambia Hansine kwamba kile chumba cha juu ni chake, na kwamba mikono kama ile haipatikani kila siku. Aliposikia kuna meli ya wageni inakwenda kaskazini mwezi wa Agosti, na Hansine amejiandikisha, aliweka chini kisu alichokuwa anamenyea viazi.

"Sasa huko unafuata nini, Hansine? Mti hakuna, ng'ombe hakuna, na sasa hata nyumba hakuna."

"Kuna kelele za bahari," Hansine akasema. "Hapa kwenu mmenyamaza mno."

Bi Gunvor akacheka, akasema basi akasikilize kelele zake wiki moja kisha arudi, kitanda hakitahamishwa.

Melini walijaa wanawake. Kila mmoja alikuwa na furushi la blanketi, na kila furushi lilikuwa refu kupita kiasi na gumu katikati. Mhudumu wa meli alijikwaa kwenye moja, akalipapasa, akauliza hawa ni wageni wa namna gani wanaokwenda kutembea na beleshi. Akajibiwa kwamba ni desturi ya kaskazini, mgeni haendi mikono mitupu. Wanawake wakacheka sana, kicheko cha watu walio na hofu. Hansine alicheka pamoja nao. Beleshi lake lilikuwa la Bi Gunvor, la kufukulia samadi.

Meli ilipoizunguka rasi, vicheko vikaisha. Walisimama ukingoni wameshika chuma. Mji haukuwepo. Ilikuwa miamba ya kijivu, majani marefu, vyuma vilivyopinda na gati nusu. Kikanisa kidogo cha makaburini peke yake kilisimama kule juu, cheupe, na msalaba wake. Hakuna aliyejua kwa nini kiliachwa. Mama mmoja, Mathilde, mke wa fundi viatu, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ameacha masufuria yake hayajaoshwa.

Ingebrikt alikuwa gatini, amekuja kupokea kamba. Alikuwa miongoni mwa wanaume waliokwisha kurudi kusafisha bandari, na alikuwa amekonda, ndevu zimemfika kifuani. Alimtazama Hansine akishuka ngazi, akampokea furushi.

"Umenenepa. Hiyo ni siagi ya kusini."

"Na wewe umekuwa kama chewa aliyesahauliwa kichanjani."

"Ungekula ninachokula mimi usingesema."

Akamweleza huku wanatembea. Wanaume walikuwa wanalala kwenye kibanda kipya cha mbao kilicholetwa vipande vipande, na kina paa imara. Lakini jiko hakuna. Wanapika nje kwenye pipa lililokatwa nusu, upepo unaupeperusha moto kila upande, samaki anaungua nje na ndani yu mbichi. Wawili wameugua tumbo. Mmoja amesema afadhali vita virudi kuliko kula mikononi mwa Ingebrikt tena. Kibandani kuna kona imeachwa wazi kwa ajili ya jiko, na nyuma ya ile kona kuna chumba kidogo cha mpishi, kitupu.

Msimamizi wa kazi alikuwa kijana wa kusini aitwaye Falk, mrefu, mwenye koti linalomzidi mabega. Aliwakusanya wageni gatini, akawaambia bila ukali kwamba meli inateremsha mbao, kisha inaondoka jioni hiyohiyo. Honi itapigwa mara tatu. Ya kwanza ni ya kuwakumbusha, ya pili ni ya kuwaita, na ikilia ya tatu ngazi inavutwa. Hansine akangoja wenzake watawanyike, akamwuliza juu ya ile kona. Falk akasugua macho. Alikuwa ameomba jiko kusini mara nyingi mpaka ameona aibu kuomba tena.

"Mama, nikipata jiko leo, nampa mpishi ruhusa leoleo. Bila jiko siwezi. Mtu akiganda hapa mwezi wa kumi na mbili, nitawaambia nini watu wake?"

"Sawa," Hansine akasema. "Usiende mbali."

Mizigo yake mingine, sanduku dogo la nguo, ilibaki melini chini ya kitanda, kama walivyoagizwa. Alichukua beleshi tu.

Sasa basi, ungeuona mji siku hiyo ungedhani watu wamerukwa na akili. Kila mahali mtu alikuwa anachimba, na kila mtu alikuwa anachimba pasipo. Walipoiendea kona ya duka hapakuwa na duka. Walipolitafuta pipa la mwalimu, mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama palepale akilitafuta. Barabara zilikuwa zimefunikwa kwa mawe na majani, na ardhi ikiwa tupu huwa ndogo, nyumba iliyokuwa na vyumba vitatu unaiona haitoshi kulaza mbuzi. Wakaanza kugombana. Huyu alisema mwenzake amesimama sebuleni kwake, yule akajibu kwamba hapo ni chooni kwake yeye, tangu zamani za babu. Mathilde alichimba kwa nguvu zote akifuata cherehani ya mumewe, akatoa chungu cha kukojolea chenye maua ya bluu. Akakiinua juu akauliza ni cha nani. Hakuna aliyekidai, ingawa wengi walikitambua.

Hansine alichimba shimo la kwanza akapata matofali. La pili likampa mwamba. Ingebrikt alikuwa upande wa pili anabishana na nafsi yake juu ya kona ya nyumba yake mwenyewe, mara aiweke huku, mara aisogeze kule.

"Umeishi humo miaka yote," Hansine akamwambia, "na hujui ilipokuwa?"

"Nilikuwa naingia mlangoni. Mlango ndio uliokuwa unajua."

Meli ikapiga honi ya kwanza. Sauti ikagonga mlima ikarudi. Watu wote wakainua vichwa, kisha wakainama tena, wakachimba haraka zaidi na vibaya zaidi. Hansine akaanza shimo la tatu. Mikono ilikuwa imetoka malengelenge chini ya glavu. Beleshi likagonga mwamba tena, na ule mshtuko ukampanda mpaka mabegani. Alitaka kulia, akaona hana nafasi. Akanyoosha mgongo, mkono kiunoni, akautazama mlima bila kufikiri, kama alivyoutazama maisha yake yote akiwa anakoroga uji.

Mlima ulikuwa na kasoro.

Si mlima wenyewe. Juu pale una pengo, kama mdomo wa mtu aliyeng'oka jino, na ule msalaba wa kikanisa ulikuwa umekaa kando ya pengo, begani. Hansine aliutazama kwa muda. Haukai hapo, alifikiri. Msalaba hukaa ndani ya pengo, katikati kabisa, kama jino jipya. Miaka yote alipokuwa anasimama jikoni, mwiko mkononi, ulikuwa ndani ya pengo. Mumewe alikuwa akimtania kwamba Mungu amemwekea jino la bandia yule mzee wa mlima.

Akalitupa beleshi. Akaanza kutembea kando, taratibu, kama kaa, macho hayabanduki kwenye mlima. Alikanyaga mashimo ya watu. Akakatiza katikati ya ugomvi wa sebule na choo, wakamwuliza kama amepigwa na jua, hakusikia. Msalaba ulikuwa unasogea. Ulipoingia ndani ya pengo akasimama, akamwita Ingebrikt.

Ingebrikt alikuja akiwa amejiandaa kumtania. Hansine akamwonyesha tu. Mvuvi akatazama msalaba, akatazama pengo, akaelewa. Maana hivyo ndivyo wavuvi wetu wanavyopata mahali penye samaki baharini, pasipo na alama yoyote majini: unapanga kitu cha mbele juu ya kitu cha nyuma, na ukivipata viwili vya upande mwingine, umesimama juu ya samaki wako. Ingebrikt alikuwa amefanya hivyo tangu akiwa mtoto. Alikaa chini kwenye jiwe.

"Tuna aibu," akasema polepole. "Ningekuwa ndani ya boti ningekuwa nimelipata zamani. Mstari huo umeupata. Wa pili ni upi? Kwenye dirisha lako uliona nini kingine?"

Hansine akafumba macho. Aliona sufuria. Aliona mvuke kwenye kioo, na mkono wake ukifuta mvuke ili atazame boti zinazoingia. Zilikuwa zikitokea wapi? Zilitokea nyuma ya rasi, pale ambapo mkia wa kisiwa cha Seløya huchungulia, ncha tu, kama mkia wa panya anayeingia shimoni. Kama mkia wote unaonekana, umekwenda mbali sana. Kama hauonekani, hujafika. Akafumbua macho. Mkia wote ulikuwa unaonekana.

Akaanza kurudi nyuma, Ingebrikt amemshika kiwiko asianguke, mmoja anachunga msalaba na mwingine anachunga kisiwa, wanaelekezana kama watu wanaoingiza boti bandarini. Mkia ukafupika. Ukafupika tena. Ikabaki ncha.

Hansine akasimama. Akashusha mabega. Akauweka mkono wake wa kulia hewani, kwenye kimo cha kiuno, mahali reli ya shaba ilipokuwa.

"Niko jikoni," akasema.

Ingebrikt aliyekuwa hatua chache nyuma akavua kofia, akauliza apite mlangoni au arukie dirishani. Hansine akamwambia apite mlangoni na apanguse viatu. Na yule mzee, kwa kweli kabisa, akapangusa viatu kwenye majani.

Dirisha lilikuwa mbele yake, na chini ya dirisha, nje, ndipo walipochimba vuli ile. Beleshi la samadi likaingia kwenye udongo laini. Udongo uliochimbwa mara moja haushikamani kama mwingine, na Ingebrikt alipousikia ulaini ule aliacha kuongea, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Halafu ikatoka sauti. Si ya jiwe. Ilikuwa kama kengele iliyofungwa kwenye nguo. Hansine akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Akaona lami, akaona gunia, akachana gunia kwa kucha, na chini ya gunia kulikuwa na weusi uliong'aa kwa mafuta ya ini la samaki, na harufu ikampanda puani, harufu mbaya ya samaki wa mwaka mzima. Akacheka machozi yakimtoka.

Habari ilikimbia kuliko mtu. Wanawake wakaja, wanaume wa bandarini wakaja na kamba za meli na magogo. Walilifunga, wakajipanga mstari, wakaimba ule wimbo wa kuvutia boti nchi kavu, na jiko likatoka ardhini likiwa limeinama upande mmoja kama siku ile lilipoingia mjini. Kifuniko kimoja kilikuwa kimepasuka. Reli ilikuwa imegeuka kijani kwa kutu. Mengine yote yalikuwa mazima. Mathilde akamwuliza amelipataje, na Hansine, akiwa bado anapangusa udongo usoni, akamwambia.

"Uache kona za watu. Nenda kasimame dirishani kwako, mahali ulipokuwa unasimama kila siku. Tazama ulichokuwa unakitazama."

Basi jioni ile, wakati jiko linabebwa kupelekwa kibandani, mji ulinyamaza. Watu walikuwa wamesambaa kwenye miamba, kila mmoja peke yake, wamesimama wima wanatazama mbele yao. Mmoja alikuwa amekunja mikono kana kwamba ameegemea kizingiti. Mwingine alikuwa anainama na kuinuka, maana dirisha lake lilikuwa fupi. Wanasogea kidogo, wanasimama, wanasogea tena. Kisha mwalimu akapiga ukelele kutoka upande wa shule, na mara Mathilde naye akaitikia, na mabeleshi yakaanza kuingia ardhini pahali penyewe. Si wote waliopata. Wengine walikuta shimo tu, askari walikwisha kulifukua kabla yao. Lakini hata hao walikaa kidogo ndani ya nyumba zao kabla ya kuondoka, wakajua mlango ulikuwa wapi.

Honi ya pili ililia jiko likiwa mlangoni pa kibanda, limekwama. Wakalizungusha, wakang'oa ubao mmoja wa mlango, likaingia. Bomba la moshi hapakuwa nalo. Ingebrikt alilitengeneza kwa mabati ya lile pipa la kupikia, akasema ni mara ya kwanza pipa hilo kufanya jambo la maana. Kuni zilikuwa mabaki ya mbao za gati, zimelowa chumvi. Hansine hakumruhusu mtu mwingine awashe. Alipanga vijiti, akapuliza, na moshi wote ukarudi ndani, watu wakakohoa wakakimbilia nje, na mmoja wao akasema jiko limesahau kazi.

"Halijasahau," Hansine akasema kutoka ndani ya moshi. "Limenuna. Nami ningenuna."

Akafungua kijimlango cha chini, akakifunga nusu, akalipiga jiko ubavuni kwa kiganja, mahali alipokuwa analipiga siku zote. Moto ukavuta pumzi. Ukanguruma. Nje, moshi ukapanda juu ya paa ukanyooka. Ulikuwa moshi wa kwanza kutoka ndani ya nyumba tangu mji uungue, na ndani ya meli abiria waliokwisha kupanda walisogea upande mmoja kuutazama.

Hansine akatia maji ya bahari nusu na maji ya mto nusu, akatia chewa vipande, akaweka ini kwenye sufuria ya pembeni na majani ya kitunguu alichopewa na mabaharia. Wanaume walijipanga ukutani kimya kama watoto kanisani. Glavu zilikuwa zinatundikwa kwenye reli, moja baada ya nyingine, hakuna aliyeambiwa.

Falk aliingia mwisho. Alivua glavu zake, akaangalia nafasi, akazitundika na yeye. Akainamia sufuria, akafunga macho, mvuke ukamfunika uso. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kukagua jiko.

"Paa naliona," akasema alipoinuka. "Jiko naliona. Mpishi simwoni. Mpishi mzigo wake uko melini, na meli inakaribia kuondoka."

Hansine alimkabidhi Ingebrikt mwiko, akamwonya asikoroge, asionje, asilitazame jiko vibaya, asimame tu. Akavua aproni akaivaa tena, akaona haina haja ya kuvuliwa. Akatoka akishuka kuelekea gatini kwa mwendo wa mtu aliyeacha kitu motoni.

Melini alipita katikati ya wenzake. Baadhi walikuwa na masanduku yenye udongo mapajani, wengine hawakuwa na kitu, na mmoja wao akamshika mkono akaubana. Sanduku lake lilikuwa palepale chini ya kitanda. Mhudumu wa meli alikuwa amekwisha kutandika shuka, na alimwambia kwamba amemhamishia kitanda cha dirishani, maana njia ni ndefu na ameona mama amechoka.

"Mpe mwingine," Hansine akamwambia. "Mimi dirisha ninalo."

Honi ya tatu ikalia wakati yuko katikati ya ngazi. Hakuharakisha wala hakugeuka. Mabaharia walisubiri mguu wake wa mwisho uguse gati, kisha wakaivuta ngazi, na kamba zikatupwa, na maji yakaanza kupanuka kati yake na meli. Mtu mmoja akamwita kwa jina kutoka ukingoni. Hansine aliinua mkono juu bila kusimama, sanduku likimgonga gotini, akapanda njia isiyo na nyumba kulia wala kushoto, haraka, maana chewa akizidishwa motoni dakika chache tu hugeuka uji, na Ingebrikt hawezi kuaminiwa.